Embu ya Kale Ina Mashahidi Wengi

  Msikilizaji wangu, popote ulipo, iwe umetoka kuchuma majani chai kule Kianjokoma, unafunga muguka kule Kiritiri, au umekaa tu kwenye matatu mjini Embu ukisubiri ijae, nivumilie kidogo.  Kina mama, vijana, wanafunzi mnaosikiliza kwa simu chini ya blanketi wakati mnapaswa kuwa mnasoma, nanyi pia nivumilieni.

Nianze na swali. Unalima shambani, jembe linagonga kitu, unainama, unaokota kigae cha chungu. Ni kizito, kimeungua upande mmoja, na ukingoni kina michoro ambayo hata nyanyako hakuwahi kuichora. Utafanya nini? Wengi wetu tunajua jibu. Tunakirusha kwenye ua, tunaendelea na mistari yetu ya maharagwe.

Leo nataka tuzungumze kuhusu kigae hicho, na kuhusu shamba lenyewe lilivyokuwa kabla halijawa shamba. Nitazungumzia jinsi wataalamu wa aina mbalimbali, wa akiolojia, wa mimea, wa lugha, wa historia ya mdomo, wanavyokutana juu ya ardhi yetu hii ya Embu na Meru ili kujua ya kale. Mshike neno moja tangu sasa, nitalirudia: hakuna shahidi mmoja anayeijua Embu ya kale peke yake. Wapo wengi, na kila mmoja ana analolijua na analolificha. Na mimi nitawaambia jambo ambalo huenda likawashangaza: mashahidi hawa wana faida kubwa zaidi pale wanapogombana.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kaunti ya Embu ni kama ngazi. Juu kabisa kuna kilele cha Mlima Kenya, zaidi ya mita 5,000. Chini kabisa, kwenye mto Thagana, ule ambao ramani huuita Tana, hufiki hata mita 600. Ukipanda gari pale Kianjokoma ukateremka hadi Kiritiri, katika muda usiozidi saa chache umepita msitu, chai, kahawa, mahindi, kisha vichaka vya Mbeere ambako jua halina huruma. Sasa jiulize: katika hayo unayoyaona dirishani, ni yapi yaliyokuwapo miaka mia mbili iliyopita? Chai haikuwapo. Kahawa, wakulima Waafrika wa Embu na Meru walianza kuruhusiwa kuipanda miaka ya 1930, na kwa masharti. Mahindi yalitoka Amerika. Ule mti wa mukima uliopandwa kila mpaka wa shamba, unaotupa mbao na kuni, asili yake ni Australia. Mkaratusi vilevile. Ukiviondoa vyote hivyo akilini, unabaki na nini? Hapo ndipo macho yako yanapokwama, na hapo ndipo tunapomhitaji shahidi wa kwanza.

Shahidi huyo ni matope.

Ndiyo, matope. Upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, upande wetu huu, kuna kinamasi kinachoitwa Rumuiku, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100. Kila mwaka miti na nyasi hutoa chavua, lile vumbi laini linalowafanya wengine wapige chafya. Chavua huanguka kila mahali, lakini ikianguka kinamasini huzama, na kwa kuwa matope yale hayana hewa, haiozi. Mwaka unapita, tabaka jingine linaanguka juu ya lile. Wataalamu wa chavua wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakiongozwa na Stephen Rucina pamoja na wenzao wa ndani na nje ya nchi, walichomeka bomba kwenye kinamasi hicho, wakatoa mche mrefu wa matope, wakaupeleka maabara, wakahesabu punje moja moja chini ya hadubini. Mwaka 2009 walichapisha walichokiona, na habari ya matope hayo inarudi nyuma zaidi ya miaka 20,000.

Wanasema nini? Wanasema kwamba wakati dunia ilipokuwa na baridi kali, mimea ambayo leo unaikuta juu karibu na mawe na barafu ilikuwa imeteremka hadi mahali ambapo leo kuna msitu mnene. Kisha joto lilipoongezeka na mvua ikarudi, msitu ukapanda mlima tena. Katika matope hayohayo kuna vipande vidogo vya mkaa, vinavyoonyesha moto uliwaka lini na kwa wingi gani. Upande wa Meru nako kuna ziwa dogo la volkeno, ambalo vitabu huliita Sacred Lake, na lenyewe lilichunguzwa mapema zaidi na mtaalamu wa chavua kutoka Afrika Kusini, J. A. Coetzee, aliyechapisha kazi yake mwaka 1967. Kwa hiyo mlima wetu ni mmoja wa milima ya Afrika iliyosomwa sana kwa njia hii. Wangapi kati yetu tunaoishi chini yake tunalijua hilo?

Lakini angalieni. Matope yanajua mti, hayamjui mtu. Mkaa ule uliwashwa na radi, au na mwindaji, au na mama aliyekuwa akisafisha shamba la wimbi? Matope hayasemi. Nyasi zikiongezeka ghafla, je, mvua ilipungua au mifugo iliongezeka? Matope yananyamaza. Hakuna shahidi mmoja anayeijua Embu ya kale peke yake. Basi twende kwa shahidi wa pili.

Shahidi wa pili ni mzee. Miaka ya sitini na mapema ya sabini, mwanahistoria H. S. Kabeca Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere akikaa na wazee, akiwauliza, akiandika. Mwaka 1973 alitoa kitabu kuhusu historia hai ya Embu na Mbeere hadi mwaka 1906, ule mwaka ambao Waingereza waliivamia Embu kwa silaha na kuweka kituo chao hapa. Mwaka uliofuata akatoa mkusanyo wa maandishi ya masimulizi yenyewe. Mimi humheshimu sana mtu huyu kwa sababu moja: hakutupatia tu hitimisho lake, alituachia pia maneno ya wazee, ili anayekuja baadaye apate kubisha. Wazee wengi waliosimulia wakati ule walizaliwa kabla ya barabara. Leo hata ukiwa na mamilioni huwezi kuwafuata ukawauliza tena.

Wazee walisema mengi. Walisimulia habari za Mwenendega na mkewe Nthara, ambao Waembu wengi huhesabu kuwa wametokana nao, na hadi leo kichaka cha Mwenendega kipo karibu na Runyenjes. Walisimulia pia habari za kuhama, za kutoka upande wa Mbeere na Tharaka, za mahali kama Igambang'ombe, za ndugu waliogombana wakatawanyika. Sasa mtu mwenye haraka atasema: aha, hadithi hizi zinapingana, moja inasema tulitokea hapahapa, nyingine inasema tulikuja; basi zote ni porojo. Nadhani huyo hajawahi kukaa na mzee hadi mwisho wa hadithi. Masimulizi ya asili ya ukoo, ya asili ya ibada na ya asili ya kabila zima ni mambo matatu, na mzee hukupa lile uliloliuliza. Ukiuliza vibaya, usimlaumu.

Sasa nifike mahali ninapopapenda zaidi katika habari hii yote, mahali ambapo mashahidi wamegombana kwa karibu karne nzima. Nazungumzia Agumba.

Nani hajasikia habari za Agumba? Kuanzia Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu hadi Meru, wazee husimulia kwamba kabla yetu palikuwa na watu wafupi, wawindaji, waliokaa kwenye mashimo ardhini, waliojua ufinyanzi, na kwamba siku moja walitoweka. Hata Jomo Kenyatta aliwataja katika kitabu chake cha mwaka 1938. Na mashimo yenyewe yapo! Mabonde madogo ya mviringo katika ardhi, mengine leo yamejaa migomba, ambayo watu huyaonyesha kwa kidole na kusema: hapa aliishi Mgumba.

Mwanaakiolojia kutoka Finland, Ari Siiriäinen, alichimba mahali panapoitwa Gatung'ang'a, upande wa Nyeri, na mwaka 1971 akachapisha ripoti ambayo hata kichwa chake kinataja tatizo la Agumba. Alipata vigae vya vyungu vya watu waliotumia chuma, na umri wake ulikadiriwa kuwa wa karne ya 12 hadi ya 14. Tangu hapo, vyungu vya aina hiyo katika eneo la Mlima Kenya huitwa kwa jina la Gatung'ang'a.

Kwa hiyo hadithi imethibitishwa? Polepole, msikilizaji. Chimbo limethibitisha kwamba miaka mia kadhaa kabla ya vizazi tunavyoweza kuvitaja kwa majina, palikuwa na watu kwenye miteremko hii waliofinyanga vyungu vyao kwa mtindo wao. Halijathibitisha kwamba walikuwa wafupi. Halijathibitisha kwamba walizungumza lugha tofauti. Halijathibitisha kwamba kila shimo unaloonyeshwa ni nyumba; mengine yanaweza kuwa mitego ya wanyama, mengine zizi, mengine mahali pa kuchimbia udongo. Na pia, jambo hili ndilo linaloniumiza kichwa usiku, halijathibitisha kwamba watu hao walitoweka. Huenda waliolewa na kuoa. Huenda jina lilipotea lakini watu wakabaki, na wewe unayenisikiliza sasa hivi, mjukuu wa mjukuu wa Mgumba, unawazungumzia kana kwamba ni watu wengine.

Mnaona faida ya ugomvi huu? Kama tungekuwa na hadithi tu, tungebaki na mbilikimo wa shimoni. Kama tungekuwa na vigae tu, tusingejua hata kwamba kuna swali la kuuliza. Hadithi ilimwelekeza mchimbaji mahali pa kuweka jembe, na jembe likairudishia hadithi maswali mapya.

Mwaka 1979 mwanaakiolojia mwingine, Robert Soper, yule aliyejulikana kwa vyungu vya kale vya Kwale kule pwani, alichapisha katika jarida la Azania makala ndefu kuhusu Embu, Mbeere na Chuka. Alichofanya ni kuweka akiolojia ya Zama za Chuma na historia ya masimulizi kwenye meza moja. Ni kazi ya zamani sasa, na ukweli ni kwamba tangu wakati huo eneo letu halijapata wachimbaji wengi. Wachunguzi hukimbilia Turkana kwa mafuvu na Lamu kwa misikiti. Embu tumebaki katikati, na nadhani ni kwa sababu hatuna magofu ya mawe ya kupiga nayo picha.

Tupumzike kidogo hapo. Kama ndiyo kwanza unafungua redio, tunazungumza kuhusu jinsi ya kuijua Embu ya kale, na nimesema hakuna shahidi mmoja anayeijua peke yake.

Sasa tushuke Mbeere, maana nataka tuchukue kitu kimoja tu na tukizungushe mikononi. Kitu hicho ni mavi ya chuma. Mnayajua? Ule uchafu mweusi, mzito, wenye vitundu, unaobaki baada ya kuyeyusha chuma. Mbeere kusini palikuwa na wahunzi hodari. Mtafiti Jean Brown aliandika makala kuhusu uhunzi wao mwaka 1971, wakati bado kulikuwa na wazee walioweza kueleza kazi ilivyofanywa.

Chukua pande moja la mavi ya chuma, uwape wataalamu mbalimbali, mmoja mmoja, uone.

Mtaalamu wa madini atalikata, alisugue, alitazame kwa hadubini. Atakwambia joto lilifika wapi, kama mvukuto ulikuwa na nguvu, kama fundi alipoteza chuma kingi kwenye uchafu au alikuwa mjuzi wa kazi. Akipata na kipande cha bomba la udongo la mvukuto, ataona upande ulioyeyuka uliokuwa ndani ya moto.

Mtaalamu wa tarehe atatafuta punje ya mkaa iliyonaswa ndani ya pande hilo. Mti ukiwa hai huvuta kaboni kutoka hewani, ukikatwa huacha, na sehemu ya kaboni hiyo hupungua kwa kasi inayojulikana. Kwa hiyo mkaa ule una saa ndani yake. Lakini saa hiyo inataja siku mti ulipokufa, si siku chuma kilipoyeyushwa, na kama fundi alitumia gogo kuukuu, tarehe itakuwa ya mbali kuliko kweli. Na kwa mambo ya karne tatu zilizopita, saa hiyo huyumba vibaya. Hapo mzee anayekumbuka marika ya watahiriwa anaweza kuwa sahihi kuliko maabara. Ingawa naye majina ya marika hujirudia, na usipoangalia utamweka babu mahali pa mjukuu.

Mtaalamu wa mimea atachukua mkaa uleule na kutazama vinyweleo vya mbao. Atakwambia ulikuwa mti gani. Hapa kazi ya David Brokensha na Bernard Riley ina thamani kubwa. Hao walikaa miaka mingi na Wambeere wakiandika majina na matumizi ya mimea, na mwaka 1988 wakatoa vitabu viwili kuhusu Mbeere, kimoja kikijaa mimea. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu mhunzi hakuchoma mti wowote tu. Ukijua miti aliyoichagua, kisha ukauliza msitu wa aina hiyo uko wapi leo, unaanza kuona mlima uliovuliwa nguo kidogo kidogo kwa ajili ya majembe na mikuki. Au unaona kinyume chake, kwamba alikuwa akikata matawi na kuacha shina lichipue. Hilo la pili linanivutia zaidi, lakini lazima lithibitishwe, haitoshi kulipenda.

Halafu muulize mjukuu wa mhunzi. Yeye ndiye atakayekwambia nani aliruhusiwa kukaribia moto na nani hakuruhusiwa, mchanga wenye chuma uliokotwa mto gani, mke wa mhunzi alikuwa na kazi gani, na laana ya mhunzi iliogopwa vipi. Hakuna hadubini inayoweza kuiona laana. Na bila laana hutaelewa kwa nini tanuri lilijengwa mbali na nyumba.

Pande moja. Wataalamu wanne. Kila mmoja ana kipande cha habari ambacho wengine hawana. Ndiyo maana nasema, narudia, hakuna shahidi mmoja.

Kuna shahidi mwingine ambaye hamtamwona shambani, naye ni lugha. Kiembu, Kimbeere, Kichuka, Kimeru cha Imenti, Kikuyu na Kikamba, wanaisimu huziweka katika kundi moja. Mjerumani Wilhelm Möhlig alizichunguza kwa makini lahaja za upande wa mashariki wa mlima, akachapisha mwaka 1974. Lakini ninalotaka mlisikie ni hili. Kule Tanzania, mkoa wa Tanga, karibu na milima ya Usambara, kuna watu wachache wanaozungumza Kidaiso. Mwanaisimu Derek Nurse aliandika kitabu juu yake mwaka 2000. Na Kidaiso ni ndugu wa lugha hizi zetu za mlimani, si ndugu wa Kisambaa cha jirani zake. Watu hao wanahusishwa na Wasegeju, wale ambao maandishi ya Wareno yanawataja kuwa waliisaidia Malindi kuwashinda wavamizi Wazimba mwaka 1589. Kwa maneno mengine, kuna waliotoka pande hizi wakaelekea pwani, na lugha ndiyo iliyobaki na ushahidi.

Sasa ndugu zetu Wameru wananitazama kwa jicho kali. Maana wao husema kinyume: walitoka Mbwa, mahali palipozungukwa na maji, wakawakimbia watu wa nguo nyekundu, bahari ikagawanyika, wakapanda hadi mlimani. H. E. Lambert, aliyekuwa afisa tawala Meru, na ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake juu ya lahaja za pwani, aliichukulia kwa uzito mkubwa habari ya kutoka pwani. Jeffrey Fadiman naye alikusanya masimulizi ya Wameru, akaielekeza Mbwa upande wa kisiwa cha Manda, Lamu. Lakini mwaka 1967 mwanahistoria J. Forbes Munro alitaka tuitazame upya habari nzima ya kuhama kutoka pwani, kwa hoja kwamba haitoshi kueleza watu wote wa milima hii.

Nani mkweli? Mimi sioni sababu ya kumchagua mmoja. Njia kati ya mlima na pwani ilipitwa kwenda na kurudi, kwa karne nyingi. Kikundi kidogo kinaweza kuja na hadithi kubwa, na hadithi ikawa ya wote, hata ya wale waliokuwapo tangu zamani. Wachuka, kwa mfano, hawaipi habari ya Mbwa nafasi ileile wanayoipa Waimenti, ingawa leo wote tunawaita Wameru.

Na msifanye haraka kuwacheka wazee wa Mbwa. Kumbukeni yaliyotokea pwani. Waswahili wa miji ya kale walisimulia kwamba wana damu ya Shirazi, yaani ya Uajemi. Wanaakiolojia wakachimba Shanga, wakachimba Kilwa, wakaona miji ile ilikua kutoka kwa Waafrika wenyewe, na wengi wakaanza kuisema hadithi ya Shirazi kuwa ni majivuno ya wenye vyeo. Halafu mwaka 2023 ukachapishwa uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, na Mkenya Chapurukha Kusimba akiwa miongoni mwa watafiti. Ukaonyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 kulikuwa na wanaume wa asili ya Uajemi waliozaa na wanawake Waafrika wa hapohapo. Wachimbaji walikuwa sahihi, miji ni ya Kiafrika. Na mabibi wa pwani nao hawakuwa wakidanganya.

Nimesema mashahidi wana faida wakigombana. Lakini kuna ugomvi mwingine ambao nataka niwaonye juu yake kwa sauti, maana redio hii inasikika mbali. Ni ugomvi wa mashamba.

Mwanaanthropolojia Jack Glazier alikuwa Mbeere katika kipindi kile ardhi ilipokuwa inapimwa ili watu wapewe hati. Kitabu chake cha mwaka 1985 kinaeleza jinsi koo zilivyosimama mbele ya kamati zikasimulia historia: babu yetu ndiye aliyefyeka hapa kwanza, mizinga yake ilitundikwa mti ule, kaburi lake liko kilima kile. Historia ikawa silaha. Masimulizi yakarefuka, koo zikapata mababu wapya, na ndugu wa zamani wakagundulika kuwa ni wageni. Simlaumu mtu, ukiambiwa hati itatolewa mara moja tu, nawe ungekumbuka mengi. Lakini mtafiti anayesoma masimulizi ya Mbeere yaliyokusanywa baada ya wakati huo lazima ajiulize, je, mzee huyu anazungumza na mimi au anazungumza na kamati?

Na kinyume chake pia. Naona siku inakuja ambapo mtu atapeleka kigae mahakamani na kusema hiki ni chungu cha ukoo wetu. Hakimu mheshimiwa, kama unasikiliza, usikubali. Chungu hakina ukoo. Chungu husafiri kwa biashara, husafiri na mwanamke anayeolewa ukoo mwingine akaenda na ufundi wa mama yake. Wanaakiolojia makini wanaweza kukwambia chungu kilifinyangwa vipi, na siku hizi hata mafuta yaliyopenya kwenye udongo wake wanayapima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwa njia hiyo kwamba wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania walipika nyama na kuweka maziwa katika vyungu vyao maelfu ya miaka iliyopita. Lakini kutoka maziwa hadi hati ya shamba, hapana.

Nafasi yangu inakwisha, na bado kuna jambo la haraka. Ushahidi wetu unapotea. Mabwawa ya Thagana, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, kisha Gitaru, Masinga, Kiambere, yametupa umeme na samaki, lakini yamefunika kingo za mto ambako watu waliishi kwa karne nyingi. Yaliyo chini ya maji yale hatutayaona katika uhai wetu. Vichaka vya matambiko navyo vinapungua, ingawa ndani yake mara nyingi hubaki miti ya asili ambayo kwingineko imeshakatwa, hazina kwa mtaalamu wa mimea na wa historia kwa pamoja. Alfonso Peter Castro aliandika juu ya vichaka kama hivyo kwa jirani zetu wa Kirinyaga.

Sasa turudi shambani. Ukiokota kigae, ufanye nini? Kwanza, usichimbe zaidi ukitafuta dhahabu; hakuna. Kigae kikiwa pale kilipolala, kikiwa na mkaa jirani yake, mfupa jirani yake, tabaka la udongo juu yake, kina habari. Kikishawekwa dirishani kwa ajili ya wageni, kimebaki kipande cha udongo tu. Andika mahali: kijiji, shamba, upande wa mto, kina cha jembe. Piga picha kabla hujakisogeza, na uweke kitu kando yake ili ukubwa uonekane, hata kama ni kiberiti. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Kwetu hapa walio karibu ni Makavazi ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Na Chuo Kikuu cha Embu nacho kiko papa hapa, walimu wake wanaweza kukuelekeza.

Na ukishaandika mahali, mwulize mzee wa jirani shamba lile liliitwaje kabla ya kupimwa, na nani alilima pale, na miti gani ilikuwapo. Andika hayo pia, kwenye karatasi ileile, na jina la mzee kama anaridhia.

Najua kuna kijana mmoja pale Siakago tayari anauliza: nitalipwa? Hapana, kijana wangu, hulipwi. Na ukikiuza unavunja sheria. Mwenye swali jingine atume ujumbe kwa nambari yetu ya kawaida, nami wiki ijayo nitayajibu mawili matatu kabla ya kuanza mada mpya.